Mwamuzi wa Pili

Siku ya posa yake mwenyewe, Nyanzala Masunga alikuwa darasani na chaki mkononi, na nyumbani kwao Kawajense shangazi yake alikuwa anazunguka nyumba na kitana akiuliza mtoto kaenda wapi. Msiharakishe kumlaumu. Mtu aliyepoteza kitu miezi mitano, kisha akakiona alfajiri ya siku hiyo hiyo, mtamwambiaje akae kwenye mkeka asukwe?

Kitu chenyewe kilikuwa cha hesabu. Nyanzala alikuwa anamalizia shahada ya uzamivu, na kazi yake ilikuwa grafu. Si zile za mauzo zinazopanda na kushuka, bali nukta na mistari. Chukua watu waliokuja msibani, kila mmoja mpe nukta yake. Wawili wanaojuana waunganishe kwa mstari. Halafu jiulize, mistari inaweza kuwa mingi kiasi gani kabla halijajitokeza duara, huyu anamjua huyu, huyu anamjua yule, mpaka inarudi kwa wa kwanza, upende usipende? Aliwahi kumweleza baba yake hivyo kule kijijini kwao Kasansa wakati wa kuvuna mpunga. Mzee Masunga alifikiri muda mrefu, kisha akasema hiyo si hesabu, huo ni umbeya, ila kama chuo kinaulipia yeye hana neno.

Njia anayoitumia ndiyo iliyomfanya aipende kazi hiyo. Hukai kutafuta mchoro unaoutaka. Unarusha sarafu kwa kila nukta mbili. Ikiangukia upande huu unachora mstari, ikiangukia ule huchori, kisha unapiga hesabu ya uwezekano. Hesabu ikikuambia kwamba michoro mibaya haiwezi kuwa ndiyo yote, basi mzuri upo mahali fulani, hata kama hutauona maisha yako yote. Dulla alimwambia, siku zile wanaanza kuzoeana, kwamba yeye alimpenda kwa njia hiyo hiyo. Kabla hawajakutana alishajua kwa hesabu kwamba yupo, alikuwa hajaonyeshwa tu. Mwanamke gani wa hesabu angepona hapo? Dulla alikuwa na maneno matamu, jamani, na utamu huo ndio ulioleta haya ninayowasimulia.

Abdallah, ambaye wote tunamwita Dulla, ni mtoto wa bi Rabia mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Kashaulili. Yeye alishamaliza uzamivu wake na alikuwa mhadhiri. Watu walidhani ugomvi wa wawili hawa ungekuwa wa dini, mmoja wa msikitini, mwingine wa kanisani, lakini hilo walishalimaliza: ndoa bomani, na kila mtu abaki na Mungu wake. Aliyebaki mgumu ni Mzee Masunga, na ugumu wake haukuwa wa dini. Alisema watu wa dukani wanamchekea kila anayeingia, sasa wewe mke utajua lini mumeo amenuna? Nyanzala alimnunia baba yake msimu mzima wa mavuno kwa neno hilo. Mwisho mzee alichoka, akakubali wageni waje.

Sasa kuhusu hiyo miezi mitano. Nyanzala alituma makala yake kwenye jarida moja la Ulaya. Utaratibu wa majarida hayo ni kwamba mhariri huipeleka kazi yako kwa waamuzi wawili wanaoijua fani hiyo, na wewe huambiwi majina yao, ili wasikuogope. Mwamuzi akiwa ndugu yako au mpenzi wako, anatakiwa amwambie mhariri kwamba hawezi, apewe mwingine. Mwamuzi wa kwanza aliisifu makala. Mwamuzi wa pili aliiua. Alionyesha kwamba katika hoja ya tatu Nyanzala alihesabu maduara mabaya kana kwamba hayategemeani, wakati maduara mawili yanayoshirikiana mstari mmoja ni sawa na nyumba mbili zinazochota kisima kimoja. Kikikauka, kiu inaingia kote kwa pamoja. Akachora na kielelezo cha nukta kumi na moja kuonyesha jinsi inavyovunjika.

Makala ikakataliwa. Nafasi ya utafiti aliyokuwa ameahidiwa huko Hungaria, iliyokuwa inasubiri makala hiyo tu, akapewa mtu mwingine. Nyanzala hakumwonyesha mtu yale maneno ya mwamuzi wa pili, kwa aibu. Kwa Dulla alisema tu kwamba imekataliwa, naye Dulla akaacha vipindi vyake, akasafiri kuja kumshika mkono. Alimwacha alie kifuani kwake mpaka shati likalowa. Akamwambia huyo mwamuzi hana macho.

Ndiyo maana asubuhi ile alimpigia yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Bwana harusi mtarajiwa haruhusiwi kuonekana mtaani kwa mchumba kabla ya wazee wake, lakini Dulla alikuja na pikipiki, tayari amevaa kanzu nyeupe na koti. Shule ya msingi jirani ilikuwa tupu kwa kuwa ni Jumamosi, na mlinzi anamjua Nyanzala tangu akiwa na sare ya bluu. Dulla akajibana kwenye dawati la watoto, magoti juu. Nyanzala akaandika. Alipogeuka kuchukua chaki nyingine alimkuta haangalii ubao, anamwangalia yeye, nywele timutimu na kanga ya kulalia, na macho yale yalimfanya asahau mstari aliokuwa anauandika. Akacheka, akamwambia atazame ubaoni.

Wazo lake lilikuwa hivi. Ayagawe maduara katika makundi, ndani ya kila kundi pasiwe na mawili yanayoshirikiana mstari. Hapo hayategemeani tena, na hesabu yake ya zamani inapona. Alieleza mpaka mwisho, akapiga mstari chini, akasimama kando.

"Haya. Sema."

Dulla aliangalia ubao. Kidole chake kilikuwa kinagonga dawati, kikaacha. Halafu akatabasamu lile tabasamu lake.

"Safi sana, Nya. Imesimama. Sasa hata ule mchoro wa nukta kumi na moja hauna pa kukushika."

Nyanzala alicheka kwa furaha, akaanza kujipangusa chaki viganjani. Kisha mikono ikasimama.

"Mchoro gani?"

Dulla akageukia dirisha.

"Nilikwambia lini mimi habari ya nukta kumi na moja?"

"Si ulisema siku ile..."

"Sijasema. Sijamwambia mtu." Sauti yake ilikuwa ndogo bado. "Dulla. Ule mchoro unajulikana na watu watatu duniani. Mhariri, mimi, na aliyeuchora."

Alimwona anatafuta neno. Alimwona analikosa. Miaka yote hiyo hakuwahi kumwona Dulla amekosa neno, na hapo ndipo alipojua kabla hajaambiwa.

"Mwamuzi wa pili ni wewe."

"Nya, kaa kwanza."

"Ni wewe."

"Ni mimi," Dulla akasema.

Ninyi mnaosoma mnaweza kusema mtu hukasirika kwa kupiga kelele. Nyanzala hakupiga. Aliweka chaki kwenye ukingo wa ubao polepole sana, maana angeishika zaidi angeivunja. Dulla akasema kosa lilikuwepo, na hilo yeye mwenyewe analijua. Nyanzala akamjibu kwamba analijua vizuri, ameshalala nalo miezi mitano.

"Sikuulizi kosa. Nakuuliza, uliliona lini?"

Ikabidi aseme. Aliliona mwaka jana, mwezi wa Ramadhani, barazani kwa mama yake, siku Nyanzala alipomweleza kazi ile kwa mara ya kwanza. Walikuwa wamemaliza kufuturu. Aliliona pale pale, kabla hata hajamaliza kueleza.

"Na siku ile uliniambia nini?"

"Nilikwambia safi."

"Uliniambia safi. Ukanisogezea tende, ukasema tuma, unangoja nini. Nikatuma."

Dulla alisema alikusudia kumwambia kesho yake. Lakini Nyanzala alikuwa amefurahi mno, na kesho ikawa keshokutwa, na alipokuja kujipa moyo makala ilishakwenda. Halafu mhariri, ambaye hajui nani anamchumbia nani huko Mpanda, akamwandikia yeye akimwomba aisome. Alijua anatakiwa kukataa.

"Nikaona basi, labda karatasi itasema kile ambacho mimi mdomo umeshindwa."

"Karatasi isiyo na jina."

"Ndiyo."

"Halafu ukapanda basi ukaja kunifariji. Ukasema mwamuzi hana macho. Ulikuwa unajitukana mwenyewe, Dulla, ili mimi nikulalie kifuani."

Dulla alishika kichwa. Nyanzala alikuwa na swali moja bado, na alitamani asiliulize, kwa sababu kuna majibu ambayo ukishayasikia huwezi kuyarudisha. Akaliuliza. Alitaka kujua kama ilikuwa kwa ajili ya Hungaria. Kama alitaka abaki.

 Nje pikipiki ilipita, ikaenda mpaka ikasikika mbali, ndipo Dulla akafungua mdomo.

"Sikuandika kwa sababu hiyo," akasema. "Naapa. Lakini uliponiambia huendi, nilifurahi."

Hapo ndipo kifutio kiliporuka. Kilipita karibu na sikio la Dulla, kikagonga ukuta wa nyuma, na vumbi la chaki likamwagikia kanzu yake ya posa. Dulla hakuinuka.

"Kitu gani ulikuwa unaogopa?" Nyanzala akamuuliza. "Hasira zangu?"

"Ndiyo."

"Basi leo umezipata zote kwa pamoja."

Akatoka. Njiani alitembea upesi mpaka ndala ikakatika, akaivua, akaendelea pekupeku. Kilichomchoma kuliko vyote ni baba yake. Mwaka mzima alimpigania mwanaume huyu mbele ya mzee yule, akasema baba hujui watu, baba umezoea ng'ombe, na sasa mzee alikuwa sahihi kwa kila neno. Laiti Dulla angekuwa na mwanamke mwingine, angejua la kufanya. Na kabla hajafika kwao akakumbuka kile kidole kilichokuwa kinagonga dawati kikaacha. Dulla aliposema safi barazani kwao, kosa lilikuwepo. Sasa safi ya leo ilikuwa na thamani gani? Hakujua. Kazi ya alfajiri nzima, iliyomfanya aruke kitandani kwa furaha, hakujua tena kama ni nzima au mbovu, na mtu pekee hapa Mpanda ambaye angeweza kumwambia alikuwa ndiye ambaye hawezi kumwamini. Hasira yake ilipanda upya kutoka chini.

Shangazi Pudensiana, mdogo wake Mzee Masunga, alimdaka mlango wa nyuma. Wageni walishaingia sebuleni. Akamwona mguu mtupu, akaona chaki, akaona macho, akamvuta chumbani na kufunga mlango. Nyanzala akamweleza kwa kifupi huku kitana kikipita kichwani kwa nguvu. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema funika kombe mwanaharamu apite. Wenzio, akasema, wanadanganywa kwa ajili ya wanawake. Wewe umedanganywa kwa ajili ya nukta, tena kwa kuonewa huruma. Wazee wametoka Kasansa na kiza, bi Rabia yupo hapo na khanga mpya, pilau iko jikoni. Yamezee.

"Shangazi, nikiolewa naye, chakula changu kisipokuwa na chumvi nani ataniambia?"

"Utaonja mwenyewe."

"Na nikiumwa, na watoto wakiniharibikia, na mimi mwenyewe nikikosea? Atakuwa ananichekea tu, halafu ananiandikia pembeni bila jina?"

Shangazi Pudensiana aliacha kusuka. Akasema mayu yako, mama yako mzazi, alikuwa na ulimi hivi hivi, akamfunga kitenge kipya na kumsukuma mlangoni.

Sebuleni mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kupita kiasi. Mshenga alikuwa Hamis, mjomba wa Dulla, mfanyabiashara mwenye tumbo na maneno. Kwa kutaka kuwapendeza wenyeji wafugaji, alikuwa ameacha mafumbo ya kwao ya ua na bustani, akasema wao wamepotelewa na mtamba, wamefuata nyayo kutoka Kashaulili, nyayo zimeishia zizi hili. Wazee wa Kasansa walifurahi sana kumsikia muuza misumari akiongea ng'ombe, wakamuuliza mtamba huyo ana rangi gani, na pembe zimekaaje, na Hamis akawa anatokwa jasho. Dulla aliingia wakati wakicheka hivyo. Alikaa chini karibu na mlango, kanzu ina vumbi la chaki begani, na bi Rabia alipomwona akainua nyusi.

Ilipofika wakati wake, Nyanzala aliitwa. Alipiga magoti akawaamkia wazee mmoja mmoja, akakaa mkekani. Hakumtazama Dulla. Mzee Masunga akamuuliza kama ilivyo desturi, kwamba hawa wageni wamefika na barua, wanasema wana la kwao hapa, je, anawafahamu?

"Nawafahamu, baba. Ila kabla sijaendelea, naomba Abdallah anijibu neno moja mbele yenu."

 Hamis alicheka kidogo, akaeleza kwa adabu kwamba kwenye posa kijana hasemi, ndiyo maana kukawekwa mshenga.

"Ndiyo shida yenyewe, mjomba," Nyanzala akamwambia. "Huyu kila neno gumu anamtuma mtu."

Wazee wakaangaliana. Shangazi Pudensiana mlangoni alifumba macho. Mzee Masunga alimkazia binti yake macho muda, akajua hiyo sura, aliishi nayo msimu mzima. Akasema mwacheni aulize, maana akikataliwa hapo atakinunia kijiji.

Nyanzala akageuka. Mara ya kwanza tangu darasani akamtazama usoni, na moyo ukamwuma, kwa sababu bado alikuwa ni yule yule, na bado alikuwa anampenda, na hilo nalo lilimkasirisha.

"Asubuhi hii uliniambia nini kuhusu kazi yangu?"

"Nilikwambia imesimama."

"Imesimama?"

Swali lilikuwa fupi na kila mtu pale alidhani jibu lake ni rahisi. Bi Rabia alikuwa anamwonyesha mwanawe kwa macho aseme ndiyo, mambo yaishe. Nyanzala aliliona lile tabasamu linaanza kwenye pembe ya mdomo wa Dulla. Moyoni akasema, likimalizika hilo, naondoka hapa, na barua yao warudi nayo.

Halikumalizika. Dulla akainua uso.

"Haijasimama," akasema.

Mtu akaweka kikombe chini. Nyanzala alikuwa ameliomba jibu hilo mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya wazee wake, na bado lilimpiga kama kofi.

"Wapi?"

"Kwenye makundi. Umeyapanga baada ya sarafu kuanguka." Akachora hewani kwa kidole. "Unatazama kwanza maduara gani yametokea, ndipo unayagawa. Ukishatazama, Nya, siyo bahati tena. Ni kuchagua timu baada ya mpira kwisha."

Akaliona. Halikuhitaji ubao. Lilikuwa pale wazi, la kitoto, kosa ambalo angemkata mwanafunzi wake alama zote, na yeye alikuwa ameruka nalo kitandani. Aibu ikapanda, na juu ya aibu hasira, akaanza kujitetea. Alisema angeweza kuyapanga kabla, yote yanayowezekana, kisha ndipo arushe. Dulla akasema hapana, makundi yatakuwa mengi mno, hesabu haitafika. Akasema basi atapunguza. Dulla akasema hata hapo haitoshi. Nyanzala alikuwa amepiga magoti sasa, machozi yanamtoka na hayafuti, kidole kinachora nukta kwenye mkeka, na kila alipofungua njia Dulla aliifunga. Alikuwa amesogea kutoka mlangoni bila kujijua. Hamis akamwinamia Mzee Masunga akamuuliza kwa kunong'ona kama hapo wanabishania mahari. Mzee akamwambia anyamaze, asikilize.

"Na asubuhi ulikaa kwenye dawati ukanichekea," Nyanzala akasema. "Leo. Siku ya leo."

"Nilikuchekea kwa sababu nakujua."

"Unanijua nini?"

"Eustace, mwenzako wa chuoni, alikukosoa mara moja kwenye semina, hukumsemesha muhula mzima." Dulla naye sauti ilikuwa imepanda, na hakuna mtu pale aliyewahi kuisikia imepanda, hata mama yake. "Baba yako alikwambia neno moja, ukamnunia mpaka mavuno yakaisha. Mimi ningenuniwa mpaka lini? Nimekosea. Nimekuficha, nimekudanganya mara mbili, na kosa ni langu, silipunguzi. Lakini usiniulize hapa kwa nini niliogopa kana kwamba hujui."

 Jikoni mtu alifunika sufuria. Lilikuwa kweli, na Nyanzala alipomtupia jicho baba yake kutafuta msaada, Mzee Masunga alikuwa anaangalia dari kwa makini kabisa. Alimchukia Dulla wakati ule kwa moyo wake wote. Pia alijua kwamba tangu wafahamiane hii ndiyo mara ya kwanza amemsikia akiongea bila sukari, na kwamba angependa kumsikia tena, na hakutaka mtu yeyote sebuleni mle alijue hilo.

Akakaa vizuri. Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

Mzee Masunga alikohoa. Akasema kwa upande wake hakuelewa hata nukta moja, ila wageni wamefunga safari na wanahitaji neno la kuondoka nalo. Awaambieje?

"Barua ipokeeni, baba. Jibu bado."

"Bado mpaka lini?"

"Nitalitoa mwenyewe. Nyie msinitolee."

Hamis akashusha pumzi, akatoa barua kwenye koti na kuiweka mezani upesi kabla mtu hajabadili mawazo. Pilau ikaletwa, maana ugomvi haujawahi kurudisha mchele wa Kasansa sufuriani, na watu wakala, mwanzo kimya kimya, baadaye na maongezi ya mvua na malisho. Bi Rabia alikwenda jikoni akakaa karibu na Nyanzala. Alimmenyea chungwa, akampa.

Wakati wa kuaga, viatu vya wageni vilikuwa vimechanganyika mlangoni. Wazee wakawa wanacheka na kusukumana huku wakivitafuta. Dulla alikuwa wa mwisho. Aliinama kufunga kamba, na Nyanzala, aliyetumwa kufagia baraza, akajikuta amesimama juu yake na ufagio.

"Unanichukia?" Dulla akauliza bila kuinua kichwa.

"Leo, ndiyo."

Alitikisa kichwa kukubali. Hakutabasamu. Akasimama, akajipangusa begani, akashuka ngazi, na Nyanzala akamwacha afike kwenye lango kabisa.

"Kesho njoo uniulize tena," akamwambia.